Nani Mwenye Wimbo? Historia Fupi ya Kisanduku cha Kamusi Elezo

Utangulizi

Katika somo la fasihi simulizi tumezoea kuuliza maswali matatu kila tunapokabidhiwa wimbo: nani kaimba, kamwimbia nani, na katika shughuli gani. Hebu sasa ufungue ukurasa wa wimbo wowote maarufu katika Wikipedia, ile kamusi elezo huru inayoandikwa na watu wa kila namna kupitia intaneti. Pembeni mwa ukurasa utakuta kisanduku kinachouliza maswali mengine kabisa. Kinataka msanii, albamu, wimbo wa upande wa pili wa sahani, tarehe ya kutolewa, studio, aina ya muziki, urefu kwa dakika na sekunde, lebo, watunzi na watayarishaji.

Makala hii inakusudia kueleza maswali hayo yalitoka wapi. Wapo wenzangu wanaoliona suala hili kuwa ni la mapambo ya ukurasa tu, kazi ya mafundi wa kompyuta isiyomhusu mhakiki. Mimi nasema linatuhusu, tena sana. Tumefundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba fani na maudhui haviachani. Ikiwa ni hivyo kwa riwaya na utenzi, kwa nini isiwe hivyo kwa makala ya kamusi elezo? Kisanduku nacho ni fani, na kila fani ina jamii iliyoizaa.

Nitaanza kwa kueleza mpangilio wenyewe ulivyo, kisha nitarudi nyuma kutazama njia tatu za zamani za kupanga nyimbo, halafu nitazipima kwa nyimbo mbili za Afrika ambazo umiliki wake umezua ugomvi. Mwishoni nitapendekeza la kufanya.

Mpangilio ulivyo

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Toleo la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kuhariri, wapenzi wa muziki katika toleo la Kiingereza walijikusanya katika kundi la kazi linaloshughulikia nyimbo, wakabishana, wakakubaliana taratibu. Taratibu hizo zimeenea katika matoleo mengine, la kwetu likiwamo, kwa sababu aghalabu makala zetu hutafsiriwa kutoka huko na vigezo vyake vikaja navyo.

Baadhi ya taratibu ni hizi. Kwanza, jina la wimbo huwekwa katika alama za mtajo na jina la albamu huandikwa kwa herufi za mlazo. Pili, wimbo unaoshiriki jina na kitu kingine huongezewa neno "wimbo" katika mabano, na nyimbo mbili zikigongana jina, huongezwa jina la msanii. Tatu, wimbo ambao haujaandikwa vya kutosha na watu wasiohusika nao haupewi makala yake, bali huingizwa katika makala ya albamu. Nne, maneno kamili ya wimbo wenye hakimiliki hayanakiliwi. Tano, wimbo ulioimbwa na wengi huwa na makala moja tu, na matoleo ya baadaye hupewa nafasi ndani ya makala hiyo hiyo.

Sehemu za makala nazo zina mfuatano wake: usuli, utungaji, mapokezi ya wahakiki, video, orodha ya walioshiriki, kisha majedwali ya chati yaliyopangwa kwa alfabeti ya nchi, na hatimaye vyeti vya mauzo. Tukiisoma makala kama hiyo kwa jicho la uhakiki, tunaona ina msuko kamili. Mhusika mkuu ni bidhaa. Bidhaa inazaliwa studio, inatoka sokoni, inapambana na wapinzani wake katika chati, na kilele cha hadithi ni cheti cha dhahabu au platinamu. Hadhira inaonekana mara mbili tu: inaponunua na inapohesabiwa.

Je, huu ndio mpangilio wa lazima wa kuueleza wimbo? La hasha! Historia inatuonyesha kwamba umewahi kupangwa vingine.

Kabla ya santuri: Child na herufi zake

Francis James Child alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kati ya mwaka 1882 na 1898 kazi yake kubwa kuhusu tenzi fupi za kimapokeo za Uingereza na Uskoti ilichapishwa sehemu kwa sehemu. Mwenyewe alifariki mwaka 1896, hivyo sehemu ya mwisho ilitoka akiwa kaburini. Alikusanya jumla ya nyimbo 305 na kila moja akaipa namba.

Jambo linalonivutia ni hili. Chini ya kila namba, Child aliweka matoleo aliyoyapata na kuyaita kwa herufi: A, B, C na kuendelea. Wimbo mmoja ungeweza kuwa na matoleo mawili au ishirini. Hakuunganisha matoleo hayo ili apate wimbo mmoja "safi", kama walivyofanya wakusanyaji wengi waliomtangulia. Namba ilisema kwamba huu ni wimbo mmoja, na herufi zikasema kwamba hakuna aliyeuimba sawasawa na mwenzake. Kisanduku cha mtunzi hakikuwapo kwa sababu hakikuhitajika. Mtunzi alikuwa amepotea katika vizazi.

Hata hivyo tusimsifu kupita kiasi. Child alifanya kazi maktabani, akitegemea zaidi miswada na vitabu. Alijali maneno kuliko sauti, na mwimbaji kwake alikuwa njia tu ya kuyafikia maneno. Katika miaka ya 1970 mkutubi Mwingereza, Steve Roud, alianza kuorodhesha nyimbo za kimapokeo za Kiingereza kwa kadi. Siku hizi orodha yake iko katika kompyuta, ina nyimbo zaidi ya 20,000, na imevuka mipaka ya Child kwa kuhesabu pia waimbaji waliorekodiwa na mahali walipopatikana. Makala nyingi za Wikipedia kuhusu nyimbo za namna hiyo hutaja namba ya Child au ya Roud. Kwa hiyo mapokeo haya hayajafa. Yamesukumwa pembeni tu na njia ya pili.

Karatasi ya katikati ya sahani

Njia ya pili ni santuri. Sahani ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika tatu kwa kila upande. Katikati yake kulibandikwa karatasi ya duara yenye jina la kampuni, namba ya sahani, jina la wimbo, jina la mwimbaji na, kwa herufi ndogo, jina la mtunzi. Nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo kilichoandikwa ni kile tu kilichohitajika dukani na katika hesabu za malipo.

Linganisha karatasi ile na kisanduku cha Wikipedia. Kumbe ni ndugu! Msanii, lebo, upande wa pili, urefu, mtunzi: kisanduku ni karatasi ya sahani iliyohamishiwa kwenye kioo cha kompyuta. Majedwali ya chati yana asili yake katika magazeti ya biashara ya muziki. Gazeti la Billboard la Marekani lilianza kuchapisha orodha ya sahani zinazouzwa zaidi mwaka 1940, na chati yake iitwayo Hot 100 ilianza Agosti 1958. Walioandika taratibu za kamusi elezo walikulia katika ulimwengu huo wa sahani na chati, na hatuwezi kuwalaumu kwa kuandika walichokijua.

Kwetu pwani santuri iliingia kwa kishindo mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi. Jina lililouza sahani zile lilikuwa la Siti. Lakini nyimbo za kundi lake zilichongwa kwa pamoja, na malighafi yake ilikuwa habari za mitaani: kesi, kashfa, dhuluma za wenye vyeo. Chukua wimbo wa "Kijiti". Unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akakimbilia bara, na mahakama ikawageuzia kibao mashahidi. Sasa jaribu kuujaza wimbo huo katika kisanduku: msanii, aina ya muziki, lebo, urefu. Umemaliza, na mauaji hayamo! Mtu aliyesoma kisanduku peke yake hatajua kwamba wimbo ule ulikuwa hukumu ya rufaa iliyotolewa na watu wa Ng'ambo baada ya hukumu ya hakimu.

Kadi za Tracey

Njia ya tatu ni kadi ya mtafiti. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alizunguka na gari lenye mitambo ya kurekodi katika sehemu kubwa ya bara hili, Kenya na Tanganyika zikiwamo. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, na mfululizo wake mkubwa wa sahani ulifikia sahani 210. Kadi zake ziliandika lugha, kabila, mahali, ala na maelezo mafupi ya wimbo.

Kwa upande mmoja kadi hii inajibu maswali ambayo karatasi ya dukani iliyaacha. Kwa upande mwingine ina macho ya enzi yake. Ukianza kupanga kwa kabila, wimbo unageuka kuwa mali ya kabila, kana kwamba haukubadilika jana wala hautabadilika kesho. Mfano mzuri wa kuikanusha fikra hiyo umo katika mkusanyo wake mwenyewe. Mwaka 1950, huko Kapkatet nchini Kenya, Tracey aliwarekodi Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake zilikuwa zimefika huko, likiwa limetamkwa kwa ulimi wa Kikipsigis. Wasichana walikuwa wamemgeuza kiumbe nusu mtu nusu paa. Je, huo ni wimbo wa kabila au ni jibu la sahani ya dukani? Ni vyote viwili, na hakuna kadi wala kisanduku kilichokuwa na mstari wa kuandika hivyo.

Simba na malaika

Tukishazijua njia hizi tatu, tunaweza kuona nini kinaweza kupotea mpangilio ukikosewa. Mwaka 1939 Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi "Mbube", yaani simba kwa Kizulu, katika studio ya Gallo mjini Johannesburg. Sahani ilimfikia Pete Seeger kule Marekani, akayasikia maneno ya Kizulu vibaya, na kundi lake la The Weavers likautoa kwa jina la "Wimoweh" mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1961 kundi la The Tokens liliuimba likiwa na maneno mapya ya Kiingereza, "The Lion Sleeps Tonight", ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya Marekani. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, aliifichua habari hiyo katika jarida la Rolling Stone. Mwaka 2004 warithi wa Linda waliishtaki kampuni ya Disney, iliyokuwa imeutumia wimbo huo katika filamu ya "The Lion King" ya mwaka 1994. Waliegemea sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, ambayo ilirudisha haki kwa warithi baada ya miaka 25 tangu kifo cha mtunzi. Februari 2006 pande zote zikapatana.

Sasa tazama kanuni ile ya tano: wimbo mmoja, makala moja. Katika Wikipedia ya Kiingereza makala hiyo inaitwa "The Lion Sleeps Tonight". Anayetafuta wimbo wa "Mbube" anaelekezwa huko. Kanuni imetumika ipasavyo, kwa sababu jina linalochaguliwa ni lile linalojulikana zaidi kwa wasomaji wa Kiingereza. Linda ametajwa katika sentensi ya kwanza kabisa, nami nakiri kwamba hiyo ni haki aliyonyimwa na karatasi nyingi za sahani. Lakini mlango wa nyumba umeandikwa jina la mpangaji. Kama Child angeupanga wimbo huu, angeupa namba, kisha toleo la 1939 likawa A, la The Weavers likawa B na la The Tokens likawa C, bila yeyote kuitwa mwenye nyumba.

"Malaika" ni mgumu zaidi. Hapa matoleo si shida. Tunajua kwamba Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwamba Miriam Makeba aliupeleka duniani na umo katika sahani aliyoimba na Harry Belafonte mwaka 1965, kwamba Boney M. waliutoa mwaka 1981 na Angélique Kidjo mwaka 1991. Shida ni mtunzi. Wapo wanaomtaja Fadhili William, wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanganyika, na wapo wanaotaja wengine. Mwandishi wa makala anaweza kuyaeleza madai yote hayo kwa sentensi zenye "inadaiwa" na "inasemekana". Kisanduku hakiwezi. Mstari wa mtunzi unataka jina, na jina likishaandikwa humo husomeka kama hati ya kiwanja. Isitoshe, kisanduku ndicho kinachosomwa kwanza, na ndicho ambacho mashine za kutafuta habari hunakili kwa wepesi. Aya tatu za mashaka zinabaki chini ukurasani bila msomaji.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha suala hili. Tofauti ya kisanduku na nathari ni tofauti ya tanzu mbili: moja inaruhusu mgogoro, nyingine inaufuta.

Hoja ya upande wa pili

Rafiki yangu mmoja tunayechangia naye makala za nyimbo katika kamusi elezo ya Kiswahili aliniambia: "Bwana we, acha falsafa. Kisanduku kinamsaidia msomaji mwenye haraka. Na bila kanuni ya vyanzo, kila mtu atakuja kusema babu yake ndiye aliyetunga Malaika."

Hoja yake ni nzito na siwezi kuipuuza. Wikipedia inataka kila dai lithibitike kwa chanzo kilichochapishwa, na inakataza utafiti mpya kuingizwa moja kwa moja. Kanuni hiyo inazuia uzushi mwingi. Mpangilio mmoja pia unatuwezesha kulinganisha nyimbo elfu kwa haraka. Lakini gharama yake hailipwi sawasawa na wote. Wimbo uliopita studio za London una vitabu na magazeti ya kuushuhudia, wakati wimbo wa unyago una makungwi. Nilipojaribu kuujaza wimbo wa ngoma ya kwetu katika kigezo kile, mistari kumi ilibaki mitupu, na mambo yote niliyoyajua kuuhusu hayakuwa na mstari.

Tatizo hili limewahi kushughulikiwa. Mwaka 2011 mradi ulioongozwa na Achal Prabhala ulijaribu nchini India na Afrika Kusini kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kama chanzo cha makala, kwa mambo kama michezo ya watoto na vinywaji vya kienyeji. Filamu ikatengenezwa kuueleza. Jaribio hilo halikugeuka kuwa kanuni ya jumla, ila lilithibitisha kwamba swali la ushahidi wa mdomo si la kwetu peke yetu. Wakutubi nao walishatoa njia. Mwaka 1998 shirikisho lao la kimataifa lilipendekeza kazi itofautishwe na namna inavyoelezwa, na hizo mbili zitofautishwe na toleo na nakala. Wikidata, hazina ya taarifa iliyoanzishwa mwaka 2012 na shirika hilo hilo la Wikipedia, inaruhusu wimbo kama utungo kuwa na ukurasa wake na rekodi kuwa na wake. Tena inaruhusu mstari mmoja kubeba majina mawili yanayopingana, kila jina na chanzo chake. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mashine haiwezi.

Nini kifanyike

Mwaka 1989, katika jarida la Mulika, M.M. Mulokozi alieleza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba linatawaliwa na mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Sisi wanafunzi tumeyakariri kwa ajili ya mitihani, tukayaacha kwenye chumba cha mtihani. Mimi napendekeza tuyatoe humo. Hayo sita ni mistari sita ya kisanduku, tayari kabisa, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyeijua kazi.

Kwanza, kamusi elezo ya Kiswahili iwe na kigezo cha pili kwa nyimbo zisizozaliwa studio, kikiuliza shughuli, mahali, waimbaji, hadhira na ala. Pili, mstari wa mtunzi uweze kusema "kuna mgogoro" na kumpeleka msomaji kwenye aya inayoueleza. Tatu, matoleo yapangwe kwa mwaka na mwimbaji, bila kumfanya aliyeuza zaidi kuwa kipimo cha wengine. Nne, na hili ni la idara zetu, tasnifu za wanafunzi zilizojaa nyimbo zilizokusanywa vijijini zitolewe makabatini na zichapishwe. Kamusi elezo inataka chanzo kilichochapishwa, nasi tunavyo vyanzo ila tumevifungia.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kisanduku cha wimbo kina historia, na kwamba historia hiyo ni ya duka la sahani zaidi kuliko ya ngoma, harusi au baraza. Sidai kwamba kivunjwe. Wimbo wa studio ni wa studio, na karatasi yake inaufaa. Ninachokataa ni karatasi hiyo kufanywa kanga ya kila mwili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu kaja na kabati zuri lenye droo nyingi. Kazi ya mwenyeji ni kuangalia droo zipi hazipo, akaongeza. Wako wenzangu watakaosema kwamba kazi hiyo si ya uhakiki wa fasihi. Nawaachia uwanja, ila kabla hawajajibu, naomba kila mmoja achague wimbo mmoja wa kwao na ajaribu kuujaza.